Kesi Waliyosema Imefutwa

Jikoni kwa Verlene Tatum palikuwa na saa ya kuzungusha kwa mkono, ya plastiki, yenye umbo la kuku. Kazi yake tangu inunuliwe ilikuwa kulinda mkate wa mahindi usiungue. Mwaka ule ikapewa kazi nyingine. Binti yake, Tamaria, alikuwa anakaribia kumaliza chuo na alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya sheria. Kila Jumamosi alirudi nyumbani kwa basi, akakaa mezani na kitabu kinene kama tofali, na mama yake akamzungushia kuku. Kuku akilia, penseli chini.

"Hebu nisomee moja," Verlene alisema siku moja, huku akichambua sukuma kwenye beseni. Vidole vyake havikunyooka tena. Miaka mingi ya kupasua kambare kiwandani ilikuwa imevikunja kama kulabu.

"Watu saba wanakaa kwenye viti saba vilivyopangwa mstari mmoja," Tamaria akasoma. "Wa kwanza hawezi kukaa karibu na wa tatu. Wa nne lazima awe kushoto kwa wa pili. Wa tano akikaa mwishoni, nani anaweza kukaa katikati?"

"Kwa nini wa kwanza hawezi kukaa karibu na wa tatu?"

"Hawasemi, mama."

"Basi hao ni wa kwaya. Mmoja kamchukulia mwenzake mume."

Tamaria alicheka hadi penseli ikamponyoka. "Mama! Muda unakwenda!"

"Muda ni wa kuku wangu. Nikitaka nitaurudisha nyuma."

Verlene mwenyewe aliacha shule akiwa mtoto, mama yake alipougua na wadogo zake wakakosa wa kuwapikia. Hakuna aliyekuja kumuuliza kwa nini haonekani darasani. Kusoma alijua, lakini polepole, kidole kikitangulia chini ya maneno. Katika mji ule wa Misisipi mtu wa namna yake alikuwa na mahali pawili pa kwenda, kiwandani na kanisani, naye alikwenda kote kuwili bila kukosa. Mumewe alikufa mapema. Alichobakiwa nacho ni yule binti, mwembamba, mwenye kichwa chepesi, na neno moja alilolisema tangu akiwa na miaka kumi na minane: "Mama, mimi nitakuwa wakili."

Neno hilo lilizaliwa dirishani.

Siku hizo walipanga nyumba ya Bwana Haskins. Kodi walilipa. Lakini Bwana Haskins alimtaka mpwa wake aingie mle, na badala ya kwenda mahakamani kama sheria inavyotaka, alingoja Verlene awe zamuni kiwandani na binti awe shuleni, akabadilisha kufuli. Kila kitu kilibaki ndani. Verlene alipowaita polisi, walimwambia hayo ni mambo ya mahakama, aende Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa, Januari, na mvua ya baridi ilikuwa imeanza kunyesha. Ingewabidi walale ndani ya gari.

Mle ndani mlikuwa na blanketi la viraka ambalo mama yake Verlene alilishona kwa mashati ya kazi ya baba yake, siku walipotoka kumzika. Dirisha la jikoni halikuwahi kufungika vizuri. Verlene alijaribu kupenya, mabega yakagoma.

"Pita wewe, mwanangu," alisema. "Mtu haibi kilicho chake."

Tamaria alikuwa nusu ndani nusu nje, blanketi begani, taa za polisi zilipomulika ukuta. Wale wale waliosema mambo ni ya mahakama sasa walikuwa na pingu. Walimchukua na blanketi lake, wakampiga picha nywele zikiwa zimetimka kwa mvua, na wiki iliyofuata gazeti la kaunti likaitoa picha ile kwenye ukurasa wa waliokamatwa. Kuvunja nyumba, waliandika. Na nyumba ilikuwa yao.

Mahakamani serikali iliwapa wakili, kijana aitwaye Brumfield, aliyefika amechelewa, tai imepinda, na kumwita Tamaria kwa jina la mtu mwingine. Bwana Haskins hata hakufika. Hakimu alipindua kurasa mbili tatu, akaitupa kesi, na baadaye Brumfield akapeleka ombi, rekodi nayo ikafutwa.

"Imekwisha, Bi Tatum," alisema kwenye korido. "Imefutwa. Ni kama haikutokea kamwe. Mtu yeyote akimuuliza huyu binti kama amewahi kukamatwa, ajibu hapana, na sheria itasimama upande wake."

"Na blanketi?"

"Blanketi gani?"

"La mama yangu. Polisi walilichukua kama kielelezo."

Brumfield akaangalia saa. Polisi nao, Verlene alipokwenda kuwauliza, walimwambia hakuna kesi ya jina hilo, na kama hakuna kesi hakuna kielelezo. Alisimama mbele ya kile kidirisha chao cha kioo hadi wakamwambia aondoke. "Kama hakuna kilichotokea," aliwauliza, "blanketi la mama yangu liko wapi?" Hadi leo halijarudi.

Ndiyo maana Tamaria alitaka sheria. Na ndiyo maana Verlene, aliyechoka hadi kwenye mifupa, alikaa kila Jumamosi akimzungushia kuku.

Mtihani aliufaulu vizuri kuliko walivyotegemea. Walimu watatu wakamwandikia barua za kumpendekeza. Profesa Lathrop, mama mmoja mwenye sauti ndogo aliyewashauri wanafunzi waliotaka kuingia sheria, alimrudishia insha yake ya kujieleza mara tano, mpaka ikang'aa. Ilihusu mikono ya mama yake. Mambo ya dirisha hayakuwamo.

Yakabaki maswali ya mwisho ya fomu. Tamaria aliyasoma pale pale mezani, uso umembadilika.

"Mama, hapa wanauliza kama nimewahi kukamatwa au kushtakiwa."

"Andika hapana."

"Wanasema hata kama kesi ilitupwa. Hata kama rekodi ilifutwa."

Verlene akaweka kisu chini. "Soma tena."

Akasoma tena.

"Sasa kilichofutwa wanakiulizaje?" Verlene alisema. "Huo ni mtego. Wameuweka ili maskini wajishtaki wenyewe. Mtoto wa tajiri hana cha kuandika hapo. Wewe ukiandika 'ndiyo' hawatasoma neno la pili. Watasema, mwizi kutoka kwenye mashamba ya pamba huyu, mtupeni kule."

"Profesa Lathrop anasema shule haziogopi kosa, zinaogopa uongo. Anasema niandike kila kitu."

"Profesa Lathrop amewahi kulala ndani ya gari?"

"Mama."

"Nakuuliza. Amewahi kufungiwa nje ya nyumba yake? Mimi nimesimama mbele ya wakili, kwa masikio yangu haya nikamsikia akisema jibu hapana. Wakili, Tamaria! Si mwalimu. Unataka kujua sheria kumzidi yeye?"

Tamaria akaisukuma fomu mbali kidogo. "Sina raha nayo," alisema.

"Raha utaipata ukiwa wakili. Mimi sijakuomba kitu tangu nikuzae. Nakuomba hili. Usiwape picha ile tena."

Binti aliyelelewa vizuri ndiye huyo, na malezi hayo ndiyo yaliyomponza. Aliandika "hapana", akatia sahihi yake chini, mahali panaposema kwamba yote ni kweli.

Machi jibu likaja: amekubaliwa katika shule ya sheria ya mji mkuu, tena kwa ufadhili. Jumapili Mchungaji alimsimamisha mbele, kanisa likavuma. Baada ya ibada wakapika kunde na kuku wa kukaanga, na Bi Oleta, jirani yao, akamshika Tamaria mkono asitake kumwachia.

"Wakili wetu! Siku nikimpiga risasi mume wangu, nitakuita wewe."

"Bi Oleta, mume wako alikufa zamani."

"Unaona? Hujaanza hata shule na kesi yangu umeshashinda!"

Verlene alicheka siku ile hadi machozi yakamtoka. Alikuwa amesahau kwamba kicheko huuma mbavu. Angejua kingekuwa cha mwisho cha namna ile, labda angekikawiza kidogo.

Mwezi wa sita shule ikapiga simu. Kabla ya kuwasajili wanafunzi wapya walikuwa wakiwapeleleza, na mtu wa ofisini aliandika jina la Tamaria Tatum mtandaoni. Mahakama ilifuta faili lake. Gazeti halikufuta kitu. Picha ilikuwa pale pale, nywele zimetimka, macho mekundu.

Walikwenda wote wawili, Verlene akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Mkuu wa udahili, Bwana Whitcomb, alikuwa mzee mpole mwenye sauti ya mtu anayesoma rambirambi. Aliwapa maji ya kunywa. Akaiweka fomu mezani, kidole kwenye lile "hapana".

"Hili ulijibu wewe, Bi Tatum?" alimuuliza Tamaria.

"Ndiyo, bwana. Ni uamuzi wangu."

"Si wake!" Verlene alidakia. "Mimi ndiye niliyemwambia. Na mimi niliambiwa na wakili. Mlete huyo Brumfield hapa! Mlete na Haskins! Huyo ndiye aliyevunja sheria, na hakuna karatasi hata moja duniani inayomuuliza kama amewahi kumtupa mjane nje kwenye mvua."

"Mama, keti."

"Nimekaa maisha yangu yote."

Bwana Whitcomb alingoja hadi akamaliza. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Verlene. "Nasikitika sana," alisema. "Ninaamini yote unayosema. Lakini aliyetia sahihi ni yeye, na fomu ilieleza wazi kwamba hata kilichofutwa kitajwe." Akasita, kama mtu anayejua kisu kilipo. "Kila mwaka tunapata waombaji walioandika 'ndiyo', na mambo mazito kuliko hili. Tunawachukua. Angetuambia kuhusu dirisha na lile blanketi, Bi Tatum, nadhani tungemtaka zaidi."

Kelele Verlene angezijibu. Tusi pia angelijibu, amejibu mengi. Kwa lile, aliketi.

Nafasi ikaondolewa. Bwana Whitcomb akaeleza, kwa sauti ile ile, kwamba watalazimika kutoa taarifa kwenye ofisi inayopokea maombi ya shule zote, na kila shule atakayoomba itaiona. Ile ya zamani ilikuwa kesi ya dirisha. Hii ilikuwa ya uongo, na hii hakuna aliyesema itafutwa.

Njiani kurudi Tamaria ndiye aliyeendesha. Mashamba yalipita, mabwawa ya kambare yakapita, na hakuna aliyewasha redio.

"Nitukane," Verlene alisema hatimaye. "Nitukane, mwanangu, nipumue."

"Sina la kukutukana, mama."

"Lipo."

"Ungekuwa umenidanganya ningekutukana. Hukunidanganya. Uliamini tu ulichoambiwa."

Hayo maneno Verlene aliyabeba kifuani mpaka nyumbani, na bado anayo. Huko kazini wanawake walimwambia amshukuru Mungu binti ni mzima, mlango mmoja ukifungwa mwingine hufunguka. Watu wanapenda kuwagawia wenzao milango. Yeye alijua milango. Alikuwa amesimama nje ya kufuli jipya akiwa na funguo za zamani mkononi, na hakuna aliyekuja kumfungulia. Mnyonge kwao hapewi haki yake. Hupewa wakili wa dakika kumi, na anapoyashika maneno ya wakili huyo kama Biblia, huulizwa kwa nini aliyashika.

Tamaria aliandika barua kwa shule mbili, akaeleza kila kitu, mvua na kufuli na blanketi, kurasa nzima. Moja ilijibu kwa mistari miwili. Nyingine haikujibu. Kile kitabu kinene akakiweka chini ya mguu mfupi wa meza ya jikoni, na meza ikaacha kuyumba.

Agosti, wiki ambayo wenzake walikuwa wakianza masomo, akaajiriwa kiwandani.

Asubuhi ile nyapara, mtu mmoja mnene aitwaye Dewitt, alimleta kwenye mkanda wa kuletea samaki akiwa na aproni ndefu na buti nyeupe za mpira zilizompwaya. Wanawake walikuwa wameshajipanga, visu mkononi, na kambare wa kwanza walikuwa wakija wakitikisika.

"Haya, Bi Verlene, bahati yako," Dewitt alipaza sauti juu ya kelele za mashine. "Msomi wako huyu. Nitamweka pembeni yako umfundishe. Mama na mwana, mkono kwa mkono, si vizuri?"

Verlene aliitazama mikono ya binti yake ndani ya glavu. Ilikuwa bado imenyooka.

"Mweke mbali," alisema.

"Nini?"

"Mweke mwisho wa mstari. Asikae karibu yangu."

Dewitt akacheka, akawatazama wengine ili nao wacheke. "Mmegombana?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini?"

Verlene alivitazama vidole vyake vilivyokunjika; si yeye angeifundisha mikono ile kujikunja. Tamaria, aliyesikia yote, alimtazama mama yake kidogo tu, kisha akainamisha kichwa na kwenda zake mwisho wa mstari, buti zikimvuta miguu. Mama yake alichukua samaki aliyekuwa mbele yake, akampasua, akachukua mwingine.