Kroshe iliyoshika parashoki

Ukifika Mbunya, mtaa wa Bunia, ukiuliza Fulgence, watu watakuuliza, Fulgence gani? Sema Ingénieur, utapelekwa hadi mlangoni. Uinjinia hakuusomea, vita vilimtoa kwao Djugu akiwa darasa la pili la sekondari. Kuchomea vyuma alijifunza kwa macho. Lakini jina hilo alilipenda kuliko sahani ya chakula.

Basi Mama Pétronille, kiongozi wa wamama wa kanisa, akamletea jeep yake.

"Ingénieur, siku ya kwanza, hii Jumatatu, tunarudisha wamama wanane waliokimbia vita kwao, kule Kilo. Mabati, mbegu, masufuria, vyote viko mu remorke, lile tela. Unifungie kroshe, ndoano ya nguvu ya kuivuta."

"Mama, weye lala tu."

Sokoni aligeuza kroshe mbili mikononi. Moja inang'aa, nyepesi. Nyingine nyeusi, bamba lake nene, matundu manne ya buloni, zile bolti za kufungia. Akachukua nyeusi. Hapo hakukosea.

Alikosea chini ya gari. Matundu ya bamba hayakukutana na ya shasi, uti wa chuma unaobeba gari zima, ikabidi atoboe mengine. Kwenye tundu la pili, meshi yake ya kutobolea ikakatika, na hakuwa na nyingine. Jérôme, fundi wa jirani, alikuwa nazo nzuri. Lakini kwenda kuazima kwa Jérôme, mtu mwenye mdomo kama redio! Kufika saa sita Bunia nzima ingejua Ingénieur ameshindwa. Fulgence akachomea bamba kwenye parashoki, kile kibati chepesi cha kukinga gari nyuma, akapaka mastiki kuziba mshono, akapaka rangi nyeusi. Ikapendeza kweli.

Jumapili baada ya ibada, watu wakazunguka jeep kuiombea, kama desturi. Pasta akaweka mkono juu ya kroshe.

"Bwana, bariki mikono ya Ingénieur wetu!"

Vigelegele. Bibi mmoja, Mama Angélique, akamshika Fulgence mikono miwili. "Mutoto wangu, unaturudisha kwetu. Siye wazee watatu tutakaa mule mu remorke, juu ya mizigo."

Juu ya mizigo! Masikio ya Fulgence yakawaka moto. Ile milima, yale mashimo, na kile kibati. Alitamani udongo umfunike.

"Pasta, ngoja kwanza."

"Uko na ushuhuda?"

"Hapana. Kroshe... iko imeshika parashoki tu. Mu shasi sikuifikisha. Itang'oka."

Kisha Jérôme, kutoka nyuma: "Eh! Na rangi yote ile ilikuwa ya nini?"

"Ya kuficha."

Watu wakacheka, wengine mpaka wakashikana mabega. Mama Pétronille hakucheka.

"Fulgence," akasema. Tangu wajuane hakuwahi kumwita hivyo. "Hatuondoki mupaka uitoe na uifunge vizuri."

Fulgence akamgeukia Jérôme. Sauti ilitoka ndogo. "Kaka, uniazime meshi."

"Za namna gani, Ingénieur?" Kicheko tena. Lakini Jérôme alikwenda kuzileta.

Fulgence akaingia chini ya gari na shati lake jeupe la ibada. Hakuna aliyerudi nyumbani. Viatu vya kanisa zima vilimzunguka, na mastiki ikamwangukia machoni alipoanza kugonga. Mama Angélique akachuchumaa kwa taabu, akainamisha kichwa.

"Hiyo shasi iko wapi? Unionyeshe, nijue ile itanivuta."

Alimwonyesha kwa kidole, uso ameugeuzia gurudumu.