Wimbo Niliouimbia Kopo la Maziwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka viganja vyangu hulowa jasho mpaka leo, na sasa mimi ni bikizee wa kusaidiwa kuinuka. Nimejaribu mara nyingi kuisimulia kwa namna ambayo ingenipunguzia aibu. Namna hiyo sijaipata. Basi nitaisimulia kama ilivyokuwa.

Nilikuwa mwimbaji. Usicheke. Sauti hii inayokwaruza ilikuwa ikisikika kutoka ukingo mmoja wa mbuga hadi mwingine. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, na huku kwetu Kishapu pamba ikishavunwa watu walishindana kwa ngoma. Kulikuwa na pande mbili, na kila upande ulikuwa na mwimbaji wake. Mimi Milembe, mke wa Shija, niliuimbia upande wetu, na umri wangu ulikuwa wa msichana tu, ingawa nilikuwa na mtoto mgongoni. Wanawake wa upande wetu walisuka nywele nilivyosuka mimi. Nikivaa shanga nyeupe shingoni, gulio linalofuata shanga nyeupe zimekwisha dukani.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe shambani, nikipima maneno kwa mapigo ya jembe, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu, hapakuwa na mtu wa kuniambia kwamba sasa inatosha. Neno moja likichechemea kwenye wimbo nilikosa hamu ya kula. Watu walidhani ni bidii. Ilikuwa hofu, mwanangu. Niliogopa kukosea mbele za watu kuliko nilivyoogopa nyoka.

Msimu mmoja akaja bwana kutoka mjini na gari lenye kipaza sauti juu yake. Alikuwa akiuza maziwa ya unga ya watoto wachanga, na kabla jua halijatua watu walishambatiza Bwana Kopo. Hakufanikiwa. Sisi ni wafugaji. Mzee mmoja aliligeuza kopo lile huku na huku, akauliza, "Ng'ombe gani huyu asiye na mkia?" Gulio zima likaangua kicheko, na Bwana Kopo akafungasha makopo yake.

Lakini hakuwa mjinga. Aliuliza ni nani anayesikilizwa na wanawake wa pale, akaletwa kwetu. Akanikuta na Maduhu wangu, mtoto wa miezi mitano, mnene hata vifundo vya mikono vilikuwa vimezama kwenye nyama. Akamtazama, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Mama Maduhu," akasema, "nakuomba wimbo mmoja tu. Utaimba kwenye kipaza sauti. Watakusikia hata waliobaki nyumbani."

Hapo ndipo aliponipata. Sikuuliza maziwa yale yanafaa nani wala yanachanganywaje. Niliwaza kipaza sauti tu, na ingekuwaje nikikosea ndani yake.

Nikaanza kutunga. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Kisukuma, nakufasiria tu. Ulisema kwamba kunyonyesha ni mambo ya mama zetu, kwamba mke wa kisasa hupumzika na kifua chake hubaki cha msichana, na kwamba mtoto wa kopo hunenepa kama ndama wa masika. Ila pale kwenye "mtoto wa kopo" palinisumbua. Maneno hayakukaa kwenye ngoma. Niliyasogeza, nikayakata, nikayarudia mpaka koo likauma. Mwishowe nikaweka jina la mtoto wangu: "Maduhu wa kopo, Maduhu wa kopo." Likaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Nilifurahi nikapiga makofi peke yangu.

Mama mkwe wangu, Mama Shija, alikuwa akisaga mtama. Akasimamisha jiwe.

"Maduhu amelionja kopo lini?"

"Ni wimbo tu, mama."

"Nimesikia. Nauliza, amelionja lini?"

"Mama, bila jina lile wimbo unachechemea."

Akaendelea kusaga. Mara nyingi nimetamani angenirushia lile jiwe.

Niliimba, mwanangu. Niliimba Kishapu, kisha tukapakiwa kwenye gari mimi na wapiga ngoma wetu, tukaimba magulio mengine mpaka Kharumwa, njia ya kwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Kila mahali nilimwinua Maduhu kwa mkono mmoja na kopo kwa mkono wa pili. Sikukosea hata mara moja. Tukimaliza nilijificha nyuma ya gari, nikajifunika kanga na kumnyonyesha. Bwana Kopo mwenyewe alisimama kunikinga nisionekane. Tulipiga na picha, mimi na mtoto na kopo, na zikabandikwa milangoni mwa maduka ili hata asiyejua kusoma aelewe.

Ikapita miezi kadhaa. Sasa nafika kwenye ile siku.

Ilikuwa asubuhi, nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, Maduhu ananyonya. Nikasikia sauti ya kike nyuma ya ua wa minyaa: "Mwangaluka, mayu!" Ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Mama mkwe akaitika, na akaingia mwanamke kijana mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Nywele zake zilisukwa kama zangu. Shingoni alikuwa na shanga nyeupe.

Kabla hajanifikia nilimchomoa Maduhu kifuani na kujifunika. Mkono wangu ulifanya hivyo wenyewe. Hebu fikiria, niko nyumbani kwangu, namficha mtoto wangu chakula chake.

"Dada Milembe," akasema, akipiga magoti. "Mimi ni Kabula, natoka Kharumwa. Mume wangu anachimba dhahabu upande wa Geita. Nimekuja kwa lori la pamba, halafu kwa miguu. Uniwie radhi kukusumbua."

"Karibu, mdogo wangu. Hunisumbui."

"Nimekuja kuuliza kipimo. Nimekosea mahali, sijui wapi." Akafungua kifurushi, akatoa kopo lililosuguliwa likang'aa, na chupa. "Naosha. Nachemsha maji nikipata kuni, na nisipopata nayaacha yatuame kwanza, maana ya kwetu yana tope la machimbo. Kopo likikaribia kwisha naongeza maji ili lifike mpaka mume wangu atakaporudi. Na wimbo nauimba wakati nachanganya, wote, sikati. Wewe Maduhu ulimpimia vijiko vingapi?"

Kisha akafungua mbeleko.

Nilidhani ametoa mtoto aliyezaliwa juzi. Alikuwa mkubwa kuliko Maduhu kwa mwezi mzima. Aliitwa Limi. Ngozi ya mapaja yake ilikuwa imelegea kama soksi ya mtu mwingine, na macho yake yalikuwa makubwa kuliko uso. Hakulia mara moja. Alikusanya pumzi kwanza, kama mtu anayejiandaa kunyanyua mzigo, kisha akatoa sauti nyembamba, kama ya kitoto cha mbuzi.

Na hapo mwili wangu ukanisaliti. Wanawake wanaonisikiliza wanajua. Mtoto alipolia, maziwa yalinitoka yenyewe, pande zote mbili. Yakalowesha kanga, yakachuruzika mpaka tumboni, na mimi nimekaa mbele ya mgeni nimeshika kopo lake mkononi. Maduhu akaivuta kanga kwa hasira, akalishika titi lake, akaendelea kunyonya.

Kabula alitazama. Niliona macho yake yakienda kwa Maduhu, kisha kwenye kanga iliyolowa, kisha kwenye kopo.

"Kumbe," akasema.

Neno hilo moja tu. Angenitukana ningejua pa kujificha.

"Ulikuwa wimbo tu," nikasema. Naam, nilisema hivyo.

"Nilijifunga kifua kwa kitambaa, dada," akasema polepole, kama anayeeleza kosa lake. "Siku nyingi, mpaka maziwa yakakauka. Yaliniuma sana. Nikasema, kama Dada Milembe aliweza, mimi ni nani nishindwe?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Hakupandisha sauti. Alimtoa Maduhu mapajani mwangu, akamchukua Limi kutoka kwa mama yake, akamweka pale pale.

"Mnyonyeshe," akaniambia. "Sauti yako imemla. Kifua chako kimlipe."

Limi hakujua kunyonya. Alikuwa amezoea chupa. Alilishika titi akaliachia, akalishika tena, na nguvu zikamwishia njiani. Mama mkwe alimkamulia matone midomoni. Adhuhuri ikapita. Nilikuwa namtazama koo tu. Alipomeza mara ya kwanza, Kabula alianguka kifudifudi akalia, na mimi nikamfuata.

Walikaa kwetu mpaka mvua za kwanza. Mama mkwe alimpikia Kabula uji wa mtama wenye karanga, akamlazimisha amweke Limi kifuani kila mara, hata pasipokuwa na kitu. "Mwache avute," alimwambia, "mwili utasikia." Zikapita siku Kabula akikata tamaa na kusema hana umama ndani yake. Kisha asubuhi moja akaja mbio, kifua wazi, ananionyesha tone moja kama mtu aliyeokota dhahabu. Tone likawa matone. Limi aliishi, mwanangu. Ana wajukuu leo.

Ungependa niishie hapo. Hata mimi ningependa.

Lakini Mama Shija aliniuliza swali jingine: "Huyu mmoja amekuja kuuliza. Wasiokuja je?" Basi gulio lililofuata nikapanda juu ya gari la ng'ombe, bila kipaza sauti, bila ngoma, nikasema nilimdanganya kila aliyenisikiliza: Maduhu hajawahi kuonja kopo, na aliyejifunga kifua akifungue. Upande wa pili wakazomea: "Milembe wa kopo! Milembe wa kopo!" Waliuimba vizuri, wakalitia jina langu pale nilipolitia la mtoto. Nikaona nimestahili.

Ndipo mwanamke mmoja akapenya katikati ya watu. Sikumjua, na jina lake sikulijua kamwe. Mgongoni alikuwa amefunga mbeleko, na mbeleko ilikuwa tupu, imelala bapa kwenye mgongo wake. Alifika mkokotenini, akaliweka kopo miguuni pangu taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

"Mimi niliuimba mpaka mwisho," akasema.

Akageuka akaenda zake. Tangu siku ile sikuimba tena hadharani, na hakuna aliyeniomba.

Sasa nisikilize wewe mwenye sauti nzuri, au sura nzuri, au jina linalofahamika kwenye hizo simu zenu. Sikwambii kopo ni sumu. Yupo mtoto aliyefiwa na mama yake, yupo mama ambaye kweli hana maziwa, na kwa hao kopo hulea, mradi mganga wa zahanati aelekeze, maji yawe safi na kipimo kisipunguzwe. Ninachokwambia ni hiki. Usimsifie mwenzio, kwa mtoto wake, kitu ambacho hukukitia kwenye kinywa cha mtoto wako. Anayekupenda hatakuhoji. Atafuata mpaka mwisho, na akianguka atajitafutia kosa yeye mwenyewe. Kabla hujalisema jambo, muulize yule anayesaga mtama nyuma yako, asiyekupigia makofi. Akikuuliza "lini?", jibu swali lake. Nawe mama kijana, usiionee haya kanga yako iliyolowa. Mimi niliona haya kwa kitu kilichokuwa uzima, nikajivunia kile kilichokuwa uongo.

Mungu akupe sauti, mwanangu, na akupe na mtu wa kukusimamisha. Watoto wako wanenepe, na wa wale wanaokusikiliza wanenepe pia. Na usije ukaiona mbeleko tupu mgongoni mwa mtu, ukajua ni wewe uliyeifungua.