Tulimkuta Hivyo

Jumamosi iliyopita, sokoni Kasikeu, mwendesha bodaboda alianguka mbele ya meza yetu ya nyanya. Alilala chali akisema shingo inamuuma, huku miguu yake ikisugua lami.

"Msimwinue," nikasema. "Tungojeni ambulensi."

Mzee mmoja mwenye koti akacheka. "Huyu msichana aliachia shule kidato cha pili, leo ni daktari. Vijana, mkalisheni anywe maji."

Wakamshika makwapa, wakamkalisha. Akapiga yowe moja, kisha miguu ikatulia.

Ambulensi ilipofika, mhudumu alimlaza polepole, mwenzake akimshikilia kichwa. Akamvua kiatu, akamfinya kidole.

"Unasikia nikikufinya?"

"Kwani umeanza?"

Mhudumu akatugeukia. "Nani alimwinua?"

Mikono yote ile ikaingia mifukoni. Mwenye koti akajibu, "Tulimkuta hivyo, madam."

Nikamwambia mhudumu kila kitu, na nikaitwa msichana asiye na adabu. Sawa, adabu sina. Lakini nyinyi mnaojua kuficha mikono baada ya ajali, siku nyingine ificheni mapema, mtu akiwa bado anasikia miguu yake.