Mawe Yanageuzwa Mtoni

Mwalimu Fausta wa Bashay hakuamini mambo ya mizimu, na mimi nasema ndiyo maana yalimwonea. Anayeamini hujua aende kwa nani. Fausta alifundisha baiolojia, basi aliposikia mawe yakigeuzwa ndani ya maji, saa nne asubuhi, amesimama mbele ya kidato cha tatu na mto uko bondeni kule mbali, hakuwa na wa kumwambia. Alifuta ubao ambao hata haukuwa umejaa, akaendelea.

Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya kazi yake mwenyewe.

Miaka ile mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na kila mwalimu mwenye bidii alikuwa akitafuta digrii ya pili. Fausta alichagua wadudu wadogo wa mtoni, wale wanaokaa chini ya mawe mwaka mzima, kisha mvua za kwanza zikinyesha wanaota mbawa, wanataga na kufa upesi bila kula chochote. Alitaka kujua wa Bashay wana undugu gani na wale wa mito ya mlima Hanang, upande wa Mogitu. Angesoma vinasaba vya mitokondria, vyote, si kipande. Vinasaba hivyo mtoto huvipata kwa mama peke yake, na mama kwa mama yake, kwa hiyo ukivifuata unarudi nyuma mpaka pale koo zilipoachana.

Mvua hizohizo alijifungua mtoto wa kike. Mumewe, Hermani, alimbatiza kwa maji ya kikombe, akamwita Angela, na kabla ya jua kuzama mtoto alikuwa ameondoka.

Kwa Wairaqw nyumba iliyofiwa hivyo huingia metimani. Mama hukaa kando na watu, hunywea kikombe chake, hasogei mtoni wala kisimani mpaka afunguliwe, maana maji hayataki kifo kibichi. Fausta aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini wadudu hawangoji, na msimamizi wake wa chuo alishamwambia kwamba akikosa msimu ule nafasi itakwenda kwa mwingine. Wiki ya pili alivaa mabuti, akachukua wavu na chupa za spiriti, akashuka. Aligeuza mawe, akadaka majike yenye mayai, akayatia chupani huku maziwa yakimlowesha blauzi.

Aliporudi, mkwewe, bibi Ludovika, alikuwa mlangoni. Alichukua ndoo yake, akaupa mto kisogo, akapanda mpaka kwenye pampu ya senta. Tangu siku hiyo hakugusa tena maji ya mto. Alitenga kikombe chake, akaacha kwenda harusini, akaacha hata kumpa Fausta mkono. Fausta akaona ameelewa: ananichukia, ananiona najisi.

Miaka ikapita. Vinasaba vikasomwa, na ikaonekana wadudu wa Bashay ni tawi lao peke yao. Ndugu zao wa karibu, wale wa Mogitu, waliachana nao zamani mno. Chuo kikaomba sampuli zaidi. Fausta akashuka, akageuza mawe, hakuna kitu. Msimu uliofuata, vilevile. Kingo zote zilikuwa zimelimwa vitunguu saumu, na dawa za kupulizia siku hizi kila kibanda kinauza. Sababu alikuwa nayo, lakini na yale majike yenye mayai aliyakumbuka. Hapo ndipo alipoanza kusikia mawe.

Kisha akapata mimba tena, na hofu ikamshika kweli. Kila alipoyasikia alishika tumbo, akaamini kwamba huyu naye anaitwa. Mimba ilipofika miezi saba alishindwa. Alimfuata mkwewe jikoni, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nilikosea. Sikukaa. Najua unanichukia, lakini huyu wa tumboni hana kosa. Nifungie ndani nikae, hata kama nimechelewa."

Ludovika alimtazama. "Nani anakuchukia? Mtoto wa nyumba hii alikufa, lazima mtu akae. Wewe ulikuwa na shule yako. Nikakaa mimi."

"Miaka yote hii?"

"Nani angenifungua? Aliyekaa badala, anayemfungua ni mama wa mtoto, anishike mkono anipeleke majini. Nilikuwa nakungoja. Na wewe ulikuwa unanikwepa."

Fausta alilia mpaka moto ukazimika mafigani.

Asubuhi wakashuka wameshikana mikono, bibi na ndoo yake. Ukingoni bibi aliinama, akanyoosha vidole, halafu akasita.

"Mama Angela," alisema. Hakuna aliyewahi kumwita Fausta hivyo. "Wale wadudu wako siwaoni. Si ndiyo msimu wao?"

Fausta angeweza kumdanganya. "Hawapo tena, mama. Wamekwisha. Na hakuna mahali pengine nilipowapata."

"Wote?"

"Wote. Tumewamaliza sisi."

Ludovika alirudisha mkono bila kugusa maji. Alifuta vidole vikavu kwenye kitenge chake. "Basi huu ni msiba mwingine," alisema. "Bado tunakaa."

Akaokota ndoo, akaanza kupanda kuelekea pampu. Safari hii Fausta alishika naye mkono wa ndoo. Nyuma yao jiwe likageuka ndani ya maji, na Fausta akasimama.

"Mama, umesikia?"

"Nasikia tangu mwaka ule," bibi alisema. "Twende."