Dirisha la Ardith

Mwaka ule mvua ilinyesha hapa jangwani Arizona hadi sungura wakavaa maboya. Mmoja alinipungia mkono akipita.

Jirani yangu Ardith Lindqvist, mjane wa Minnesota, aliachiwa na marehemu mumewe gari-nyumba, lile lenye kitanda na jiko ndani, ambalo sisi wazee tunakimbilia nalo huku jangwani baridi ikianza kwetu kaskazini. Lake lilivuja. Kila ikinyesha, godoro lake chini ya dirisha lililowa chapachapa. Habari zikamfikia mwanawe Duane. Akasema anakuja Jumapili, na akikuta godoro bichi, gari linauzwa na mama anahamia kwake, chumba cha chini, kando ya mashine ya kufulia.

"Mimi na ile mashine?" Ardith aliniambia. "Tutashindana nani anatetemeka zaidi, shoga."

Sasa, kambini kwetu kila mzee hutembea na mrija wa gundi ya kuzibia kiunoni kama jambia. Walikuja wote, wakapanda, wakapaka kila ufa na kila skrubu mpaka paa likawa keki ya harusi. Mjusi mmoja alikatiza pale, na mpaka leo hajamaliza safari.

Mvua ikaja. Godoro likalowa.

Ndipo Merle wa gari la mkabala akaleta feni kubwa. Tukafunga madirisha, feni ikasukuma hewa ndani kupitia tundu la paa, na Ardith akapaka povu la sabuni nje, kwenye maungio yote. Penye upenyo hewa hutoka, povu huvimba. Hatukuona hata kipovu. Merle akatangaza kwamba gari lile unaweza kuvuka nalo bahari.

"Basi anayekojoa kitandani kwangu ni nani, Merle?"

Merle akaiva masikio.

Ardith akaingia ndani na kikombe cha maji, akayamimina polepole kwenye mfereji ambamo kioo cha dirisha huteleza. Yakajaa, yakakosa pa kwenda, yakamwagikia godoro. Akatoka mbio kutazama dirisha la jikoni. Chini ya fremu yake kulikuwa na vitundu vidogo vya kutolea maji ya mvua. Chini ya lile la kitandani palikuwa na gundi tupu, imelainishwa vizuri kwa dole gumba.

Akakaa chini, akacheka mpaka nikatafuta maji ya kumpa. Dole lilikuwa lake. Msimu wa kwanza wa ujane aliona maji yakidondoka pale nje, akajua kaukamata uvujaji, akaziba.

"Na nilijisifu kambi nzima," akasema. Akachomoa sindano kwenye soksi aliyokuwa akifuma, akazibua.

Jumapili Duane akafika, na mbinguni hakuna wingu hata la dawa. Hakuamini maneno. Akashika mpira wa maji, mama akajilaza kwenye shuka safi akifuma soksi zake, mtoto akapiga dirisha kwa maji kama anazima moto.

"Mama, umelowa?"

"Bado, baba. Endelea, dirisha lilikuwa chafu."

Maji yakatoka kwenye vile vitundu, moja kwa moja hadi ndani ya viatu vyake vipya.

Viatu tulivianika kwenye kamba yangu. Duane alikula chakula cha jioni na soksi mpya za mama yake miguuni, na habari ya kuuza gari hakuitaja tena. Ile mashine, nasikia, inatetemeka peke yake.