Globu za Lori Kwenye Pikapu

Shirika lilipofungwa, miwani yangu niliitia sandukuni pamoja na kalamu za stoo. Sikuwa na cha kusoma tena. Kwa miaka kumi na minane nilitunza stoo ya spea za magari hapa Tukuyu, na kila kitu nilikijua kwa namba iliyokuwa kwenye kadi yake. Kisha zikaja siku za ruksa, kila mwenye mtaji akaanza kuingiza spea zake, na sisi tukapewa barua. Sikulia, wala sikukasirika. Nilikaa nyumbani miezi saba nikitazama mvua ikipiga migomba. Mke wangu akiniuliza jambo, nilijibu "ndiyo" kabla hajamaliza.

Mwezi wa nane aliniita mfanyabiashara mmoja aliyefungua duka la spea karibu na stendi. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akisimama dirishani kwangu kubembeleza.

"Mzee wangu, tujaribu wiki moja," alisema. "Ukiuza vizuri, kazi ni yako."

Nilikwenda kwa sababu nimeitwa. Furaha sikuwa nayo, na hofu pia sikuwa nayo.

Siku ya tatu alikuja mkulima wa Masukulu na mkewe. Walikuwa na pikapu iliyotumika, kutoka Japani, nao walitaka globu mbili za taa kubwa za mbele. Mtu mwenye akili huomba kwanza ile iliyoungua, akasoma maandishi kwenye kitako chake. Mimi niliona hayo ni mambo ya wasiojua kazi. Kumbe kwenye stoo yetu taa zilikuwa za kizamani, kioo na globu kitu kimoja. Hizi ndogo za meno matatu nilikuwa nimezizoea kwa siku mbili tu. Maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa, na miwani iko sandukuni. Nikahesabu meno, yakatimia matatu, nikawauzia. Mume alizifunga hapo hapo nje, juani, akawasha, zikawaka.

"Ndaga fijo," alinishukuru, wakaondoka.

Asubuhi iliyofuata walirudi. Mke alishuka kwanza, kitenge chake kimeganda tope mpaka magotini.

"Mugonile," alinisalimu, kwa heshima ile ile. "Baba, globu zako zinawaka kama kaa la jikoni. Jana jioni ukungu ulitukuta njiani, mume wangu akawa haoni hata boneti. Nikavua mtandio wangu mweupe, nikatembea mbele ya gari, yeye ananifuata mimi. Mara mbili nusura anigonge."

Mwenye duka alichomoa globu moja, akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Volti ishirini na nne," alisoma. "Hii ni ya lori, mzee. Gari lao ni la kumi na mbili."

Mzoea kunyonga kuchinja hawezi. Siku nyingine ningejitania hivyo. Siku ile niliona aibu. Ndipo nikatambua kwamba tangu siku ya barua sikuwa nimehisi kitu chochote. Nilimwomba mama yule radhi mbele ya wateja. Kisha nikafunga zile za volti kumi na mbili kwa mikono yangu mwenyewe, nikizishika kwa leso ili vidole visiguse kioo. Yeye alisimama mbele ya gari kuangalia. Mumewe alipowasha, mama yule alikinga macho kwa kiganja.

"Hizo sasa," alisema.

Walipoondoka nilisubiri kufukuzwa. Mwenye duka alikuwa akipanga maboksi.

"Kesho uje na miwani, mzee wangu," alisema bila kugeuka. "Kama huna miwani, usije."

Jioni nilifungua sanduku, nikaifuta miwani kwa shati, nikaivaa palepale. Mke wangu alikuwa mlangoni akimenya ndizi. Aliinua uso kunitazama. Nywele zake za mbele zilikuwa zimeingia mvi, na mashavu yalikuwa yamebonyea. Niliingiwa na hofu, kana kwamba nimetoka safari ndefu.

"Mvi hizi zimeanza lini?" nilimuuliza.

"Ulikuwepo," alisema, akachukua ndizi nyingine.