Yule wa Mbuzi, Jumanne, Asubuhi

Mama yangu ana somo wake kule kijijini kwetu Vudee, mwanamke wa jina lile lile hadi la ukoo, na hicho ndicho chanzo cha balaa lote. Mimi nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Same mjini, kwa hiyo kamati ya ndiva, yaani bwawa letu la kumwagilia mashamba, iliniita niwasaidie kuweka zamu za maji kwenye simu. Nikapanda mlimani na kompyuta mgongoni, kiburi kifuani.

Katibu wa kamati ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Ndiye aliyenifundisha, tena kwa fimbo. Alikuwa ameshaandaa jedwali lake, lina rangi kila safu na maua pembeni. Lilipendeza, sikatai. Lakini simu ya mgawa maji, ile ya kioo kilichopasuka, iligoma kulifungua. Ikaomba programu, programu ikaomba bando, bando likaisha.

"Shikamoo mwalimu," nikaanza kwa adabu, maana nilikuwa nakwenda kumpinga. "Tutumie CSV. Ni maandishi matupu. Kila mtu mstari wake: jina, siku, wakati. Katikati unaweka mkato, basi. Hata simu mbovu inasoma."

"Marahaba. Mkato?" Akashusha miwani. "Binti, mimi sijawahi kumfundisha mtu njia ya mkato."

Mwenyekiti alicheka mpaka akakohoa, kisha akaamua mkato upite. Katibu akaiandika orodha mwenyewe, amenuna, nami nikarudi mjini nikijiona mhandisi.

Jumanne, jua halijachomoza vizuri, mama akapiga simu. Mama akipiga bila salamu, ujue kunawaka.

"Siku yangu imekwenda wapi? Mgawa maji anasema simu yake hainijui! Maharage yametoa maua, nikikosa maji leo nasubiri mzunguko mzima, na mvua ndiyo hiyo haipo. Mtoto niliyemsomesha kwa maharage ndiye anayeniulia maharage!"

Jamani, niliumia. Nikafunga kibanda, nikarukia bodaboda, nikamhimiza dereva njia nzima mpaka akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia tukichelewa utakuwepo.

Tulimkuta mgawa maji, mzee wa kanisa asiyependa mzaha, amesimama mbele ya mlango wa ndiva. Mama alikuwa mbele yake na jembe begani. Mzee akanipa simu nijionee. Programu ilikuwa imewapanga watu wote vizuri, isipokuwa mama. Jina: lake. Siku: yule wa mbuzi. Wakati: Jumanne. Asubuhi yenyewe ilikuwa imesukumwa nje ya jedwali. Mwalimu, kwa kuogopa watu wasimchanganye mama na somo wake, alikuwa ameandika jina, akatia mkato safi wa kisarufi, akaongeza "yule wa mbuzi".

"Jumatatu naijua, Jumanne naijua," mzee akasema. "Siku ya Yule wa Mbuzi kwenye kalenda ya kanisa haipo."

Mama akalitua jembe. Akageuka akaondoka. Nilidhani amekata tamaa, na nilimwonea huruma kwelikweli. Kumbe! Baada ya muda akarudi anamvuta mbuzi kwa kamba, mbuzi mwenyewe hataki, akamsimamisha pale mlangoni.

"Mbuzi huyu hapa. Fungua."

Mimi nikalifungua faili kama maandishi ya kawaida, bila jedwali. Huo ndio uzuri wa CSV, haifichi kitu. Nikausoma mstari wote kwa sauti: jina la mama, yule wa mbuzi, Jumanne, asubuhi. Mzee akautazama mstari, akamtazama mbuzi, akainua mlango. Maji yakateremka mferejini na mama akayafuata mbiombio, mbuzi akaachiwa mimi.

Jioni kamati ikakaa. Nikaeleza dawa yake: jina lenye mkato ndani lifungwe kwa alama za kunukuu, programu italiacha zima. Mwalimu akakataa katakata.

"Alama za kunukuu ni za mtu aliyesema. Huyu amesema nini?"

Mgawa maji akashusha pumzi.

"Mwalimu, mfungie tu. Amesema."